Fundo Kwenye Tumbo la Panya

Nairobi hii, ukitaka kujua nani ana alsa, ni rahisi zaidi kuuliza nani hana. Jamaa mnayeketi naye ofisini ana alsa. Mama wa kibanda anayekuuzia chapo madondo ana alsa, na yeye mwenyewe hayagusi hayo madondo. Dada yako aliacha pilipili, akaacha kahawa, akaacha hata chai ya tangawizi, na kwenye mkoba wake kuna pakiti ya omeprazoli isiyowahi kuisha, kwa sababu kemisti iko hapo chini ya ploti na hakuna anayeulizwa karatasi ya daktari. Sote tunailaumu asidi. Wachache sana tumewahi kuuliza asidi hiyo hupimwaje, na ndani ya tumbo la nani.

Ngoja niwaambie, bila kuongeza chumvi.

Unamchukua panya mweupe wa maabara, gramu mia mbili hivi. Unamnyima chakula kwa saa 24 au zaidi. Unamweka kwenye kizimba chenye sakafu ya waya ili kinyesi chake kidondoke chini, maana panya mwenye njaa hula kinyesi chake, na kikiingia tumboni hesabu yako imeharibika. Kisha unamlaza kwa dawa ya usingizi, unampasua chini kidogo ya kifua, unautafuta ule mlango ambapo mfuko wa chakula unakutana na utumbo, na unaufunga kwa uzi. Fundo moja, limekazwa. Unamshona. Anaamka.

Anakaa hivyo kwa muda wa saa nne, wengine huacha zaidi, bila chakula wala maji, na asidi inazidi kujaa kwenye mfuko usio na pa kutokea. Na panya, tofauti na wewe asubuhi ya baada ya sherehe, hana uwezo wa kutapika. Mwili wake haukuumbwa hivyo. Muda ukiisha unamuua, unautoa mfuko, unamimina kilichomo kwenye chupa, unakizungusha kwenye mashine ili makapi yatulie chini, na unasoma ujazo kwa mililita.

Wale mliofanya kemia ya KCSE mnakijua kinachofuata. Ni ile tu ya bureti na pipeti. Mililita moja ya maji ya tumbo, matone mawili matatu ya kiashiria, kisha sodiamu haidroksaidi inadondoshwa polepole hadi rangi igeuke. Kiashiria kimoja, cha Töpfer, kinatoka kwenye wekundu kuelekea manjano na kukuonyesha asidi iliyo huru. Kingine, fenolfthalini, kinageuka waridi na kukupa asidi yote kwa jumla. Unaandika namba kwenye daftari. Halafu unaupasua ule mfuko, unauosha, unaubandika kwenye ubao kwa pini na kuhesabu vidonda. Panya anayefuata.

Hii inaitwa njia ya Shay. Harry Shay na wenzake waliichapisha Marekani mwaka 1945, wakiwa wanatafuta namna rahisi ya kumtengenezea panya vidonda vya tumbo vinavyofanana kila mara. Baadaye watu wakaona kwamba yale maji yaliyojaa yanaweza pia kupimwa asidi, na njia ikasambaa dunia nzima. Ukisoma tafiti za mimea na vidonda vya tumbo, kuanzia India hadi Nigeria hadi hapa kwetu, utakutana na fundo hilo tena na tena. Mpangilio wa kawaida ni makundi matano ya panya sita sita: wasiopewa kitu, waliopewa dawa inayojulikana, na makundi matatu ya dozi tofauti za majani, magamba au mizizi iliyochemshwa. Panya thelathini. Hitimisho utalikariri kabla hujalifikia: mmea umepunguza asidi, utafiti zaidi unahitajika.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Fundo hilo limemaliza kazi yake. Anayelifunga leo ili kupima mizizi aliyochemsha jana hana swali, ana tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Bei yake inalipwa na panya kwanza, halafu inalipwa na wewe na dada yako.

Sisemi haya nikiwa nje ya uzio. Nilisomea famakolojia. Siku moja, kwenye chuo ambacho sitakitaja, nilimuuliza mhadhiri kwa nini lazima iwe fundo wakati kuna njia nyingine. Alinijibu bila kuinua macho: "Kwa sababu ndivyo wenzako wanavyofanya, na mtahini hatakusumbua." Sikumchukia. Alikuwa mkweli kuliko tasnifu nyingi nilizosoma.

Na tusidanganyane kwa upande wa pili pia. Mimi si wa wale wanaosema mnyama asiguswe kamwe. Ile pakiti ya dada yako imetoka kwa wanyama, moja kwa moja, na anayeimeza huku akilaani maabara zote hajui anachokula.

Chukua Ivan Pavlov, yule wa mbwa na kengele. Nobel yake ya mwaka 1904 aliipata kwa kazi ya usagaji wa chakula. Pale St. Petersburg alikuwa anakata sehemu ndogo ya tumbo la mbwa, anaiachia mishipa yake ya fahamu, anaifanya kijimfuko chenye tundu la nje, na mbwa anaendelea kuishi akitoa maji safi ya tumbo yanayoweza kupimwa siku baada ya siku. Swali lake lilikuwa wazi: tumbo linajuaje kwamba chakula kinakuja? Alipata jibu, kwamba ubongo hulituma tumbo kazi kabla hata tonge halijafika. Lakini hata yeye hakuacha biashara ipite. Maabara hiyo hiyo ilikusanya maji ya tumbo la mbwa ikayauza kama dawa kwa watu wenye shida ya kusaga chakula. Mshikeni huyo mchuuzi kichwani, tutamrudia.

Mwaka 1958, M. N. Ghosh na H. O. Schild, pale London, walitoa njia tofauti ya kumpima panya. Wao walimlaza usingizi mzito wa dawa, wakapitisha maji polepole ndani ya mfuko wake, yakaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na mtambo ukawa unasoma ukali wa asidi moja kwa moja. Ukimpa panya dawa unaona asidi inapanda au inashuka, dakika kwa dakika, na panya mmoja anaweza kukujibu kuhusu dozi kadhaa. Jaribio zima anakuwa amelala.

James Black na timu yake, huko Welwyn, Uingereza, waliitumia njia hiyo hiyo katika kazi iliyobadilisha maisha ya wagonjwa. Dawa za mzio zilizokuwepo zilizuia histamini mahali pengi mwilini, lakini tumboni zilishindwa: ukimpa panya histamini, asidi ilipanda tu. Black akasema basi kuna mlango mwingine ambao histamini inaupitia. Walihangaika miaka, wakijaribu kemikali moja baada ya nyingine, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba mlango huo upo na unaweza kufungwa. Wakauita H2. Dawa ya simetidini, kwa jina la biashara Tagamet, iliingia sokoni Uingereza mwaka 1976. Kabla ya hapo, mwenye vidonda sugu alikuwa anapasuliwa, anakatwa kipande cha tumbo au mshipa wa fahamu unaoliamrisha tumbo. Black alipata Nobel mwaka 1988, na mwaka huo huo omeprazoli ikaanza kuuzwa.

Kwa hiyo deni lipo. Wale panya walikufa wakijibu swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake, na lisingejibiwa wakati ule kwa njia nyingine. Mimi naliheshimu deni hilo. Hoja yangu ni kwamba heshima hiyo hiyo inatukataza kuendelea kufunga fundo la 1945 kwa mazoea.

Tuanze na vile vidonda vinavyohesabiwa. Mfuko wa panya una sehemu mbili. Ya chini ina tezi na hutoa asidi, kama wetu. Ya juu ni ghala: ina ngozi nyembamba, haina tezi, kazi yake ni kuhifadhi chakula. Ukifunga fundo, asidi inajaa hadi inaifikia ile ghala isiyo na kinga, na vidonda vya Shay vinatokea huko. Binadamu hana ghala hiyo. Yaani tunampasua kiumbe, tunahesabu majeraha kwenye chumba ambacho nyumba yetu haina, halafu tunaandika kwamba mmea fulani unatibu vidonda vya watu.

Halafu kuna ile asidi yenyewe. Ukimwekea panya mchemsho wako wa majani tumboni, kisha mlango wa kutokea umefungwa, mchemsho unaenda wapi? Hauendi popote. Unakaa humo humo na asidi. Kama una madini yanayozimua asidi, utasoma asidi imeshuka. Je, tumbo lilitoa asidi kidogo, au ilitoka ileile na ikazimuliwa na supu yako? Hapo umepima kemia ya supu. Majivu ya jikoni yangefaulu mtihani huo.

Tena kuna maumivu. Panya wa Shay anaamka na mshono tumboni na njia imezibwa. Maumivu, upasuaji na woga hubadilisha jinsi tumbo linavyotoa asidi, na hilo si siri: Hans Selye alionyesha mwaka 1936 kwamba panya akiteswa kwa namna tofauti tofauti, vidonda tumboni ni mojawapo ya dalili zinazojirudia. Sasa wewe unataka kupima tumbo tulivu ndani ya mnyama aliye kwenye mateso. Ni kama kupima presha ya mtu huku umemshikia kisu.

Kubwa kuliko yote, sayansi ya vidonda ilihama nyumba zamani, na fundo limebaki pale pale likibisha mlango. Madaktari waliona simetidini inaponya kidonda, mgonjwa akiacha dawa kidonda kinarudi. Asidi ilikuwa inachoma, sawa, lakini nani alikuwa amevunja ukuta kwanza? Huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakamkuta bakteria anayeishi ndani ya tumbo, leo anaitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakuamini. Marshall alijaribu kuwaambukiza nguruwe wadogo, ikagoma. Basi mwaka 1984 akamnywa huyo bakteria mwenyewe, akaugua tumbo, na kipande kilichotolewa tumboni mwake kikaonyesha uvimbe na bakteria wakiwa ndani. Nobel ikawafikia mwaka 2005. Sisemi mtu aige, jamani. Nasema jibu kubwa kuliko yote kuhusu alsa lilikuwa nje kabisa ya uwezo wa panya aliyefungwa fundo.

Leo tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaanzia kwa vitu viwili: huyo bakteria, na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, zile tunazomeza kama njugu kila mgongo ukiuma. Bakteria anatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kushusha asidi, anaisha, na kidonda kwa kawaida hakirudi. Kutuliza asidi peke yake ni kupiga deki huku paa linavuja.

Na hapa ndipo yule mchuuzi anarudi. Umewahi kupanda basi pale Machakos Country Bus ukamsikiliza? Ana chupa ya maji ya kahawia. Inatibu alsa, minyoo, kiuno, na kukosa usingizi. Siku hizi ana pia akaunti ya TikTok na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Sentensi yake ya dhahabu ni ile ile: imethibitishwa na wanasayansi. Hicho kijisentensi amekitoa wapi? Wakati mwingine amekibuni. Lakini wakati mwingine kipo kweli, kwenye jarida, kikiwa na jedwali na nyota za takwimu: mmea huu ulipunguza asidi kwa panya. Mtafiti aliandika "utafiti zaidi unahitajika". Mchuuzi alikata hapo. Sisi tulinunua.

Mtu mwenye bakteria tumboni akinywa chupa hiyo miezi sita, pengine anapata nafuu, kwa sababu chochote kinachozimua asidi huleta nafuu. Bakteria anaendelea kula kuta. Siku kidonda kikitoboka au kikianza kutoa damu, choo kinakuwa cheusi kama lami, na huyo mtu anafikishwa hospitali usiku akiwa amechelewa. Hapo ndipo bei ya fundo inapolipwa na binadamu. Utafiti dhaifu haukai kimya kwenye maktaba. Unatoka, unapanda basi, unauzwa shilingi mia tatu.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: dawa za mitishamba ni urithi wetu, unataka zidharauliwe? Kinyume chake, ndugu yangu. Anayeudharau urithi ni yule anayempa mmea wa bibi mtihani ambao hata majivu yanaweza kupita. Kama mti wa nyanya yangu una nguvu, upewe mtihani wa maana. Umwekee bakteria kwenye sahani ya maabara, uone kama unamuua. Hiyo haihitaji panya hata mmoja, na inalenga chanzo chenyewe.

La pili: hatuna pesa za teknolojia za wazungu. Ni kweli, zipo za bei. Mwaka 2014 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walionyesha jinsi ya kukuza vijitumbo vidogo kutoka kwa seli za shina za binadamu, na mwaka 2017 wakapata vyenye seli zinazotoa asidi. Hatutadai kila maabara ya Kenya iwe navyo kesho. Lakini asidi ya tumbo inatolewa na pampu moja, ile ile ambayo omeprazoli huizima, na pampu hiyo imechunguzwa kwa miaka mingi kutoka kwa matumbo ya wanyama waliochinjwa kwa ajili ya nyama, hasa nguruwe. Mbuzi naye anayo, kwenye ile sehemu ya nne ya tumbo lake. Nenda Kiamaiko alfajiri na boksi la barafu. Mbuzi ameshachinjwa, nyama iko njiani kuwa choma, hakuna aliyeuawa kwa ajili yako. Unatenganisha pampu kutoka kwa utando wa tumbo, unaiwekea mchemsho wako, na unapima fosfeti inayotoka, kwa rangi tu, kwenye mashine ambayo maabara nyingi za biokemia zinayo. Mmea ukishindwa hapo, umeokoa panya thelathini na miezi ya maisha yako. Ukifaulu, angalau sasa una swali la kumpelekea mnyama, na hata hapo yupo panya wa Ghosh na Schild aliyelala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huhitaji wa Shay.

La tatu: maadili ya wanyama ni anasa ya wenye shibe. Hili linaniudhi kuliko yote. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inagusa majaribio ya wanyama na kuyawekea masharti ya leseni, na iko kwenye vitabu tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. William Russell na Rex Burch waliandika mwaka 1959 kanuni tatu ambazo kamati za maadili huzikariri hadi leo: badilisha mnyama kwa kitu kingine inapowezekana, punguza idadi, boresha njia ili maumivu yapungue. Hakuna shibe hapo. Ni akili ya kawaida ya mtu asiyependa kupoteza, na maskini ndiye hasa asiyemudu kupoteza. Panya thelathini, chakula chao, dawa ya usingizi, mishahara, karo ya mwanafunzi, yote yameenda kwenye karatasi ambayo haitamponya mtu.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Walikuwa wanazungumzia umoja usio na mpango, lakini sioni methali inayoifaa hali hii zaidi.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu. Kamati za maadili za vyuo zikatae, kwa maandishi, pendekezo lolote la fundo la Shay lisiloeleza kwa nini sahani ya bakteria na pampu ya mbuzi hazikutumika kwanza. Watahini waache kuyapokea mazoea kama sababu. Na nyinyi mnaosoma haya mkiwa mnaungulia, mkienda kemisti msiombe tu kitu cha kuzima asidi. Ulizeni kipimo cha Helicobacter pylori, cha kinyesi au cha pumzi. Mkikutwa naye, mezeni dozi yote hadi mwisho. Na mwambieni daktari ni dawa gani za maumivu mnazotumia na kwa muda gani.

Panya wa Black alipimwa asidi kwa sababu mtu alikuwa na swali. Mwanafunzi yeyote anayeingia maabara kesho na uzi mkononi aulizwe swali lake ni lipi. Akisema "wenzangu wote wanafanya hivi", mnyang'anyeni uzi.